Mwalimu Ngatia Alipotikisa Kichwa

Simeon Ngatia alihamia Endarasha kufundisha mwaka wa 1971, akiwa na mkewe Watiri, sanduku la vitabu na mpira mmoja wa voliboli. Uwanja wa shule ulikuwa kipande cha nyasi ambacho kabla ya uhuru kililisha ng'ombe wa mzungu. Asubuhi za Julai umande uliganda ukawa mweupe, na wasichana walicheza miguu mitupu, wakirukaruka kwa baridi kabla hata mpira haujarushwa. Wavu aliusuka mwenyewe kwa kamba za katani.

Alikuwa mwalimu wa darasa la saba na mzee wa kanisa, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili na ile ya uwanjani. Timu iliomba kabla ya mazoezi, ikaomba tena baadaye. Na kulikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko zote: mpira ukikugusa kabla ya kutoka nje, sema, hata kama refa hakuona. Msichana aliyenyamaza alikaa nje wiki nzima, awe hodari namna gani.

Aliyeitia sheria hiyo moyoni ni Warigia, binti ya mjane mmoja aliyeitwa Wakonyo, ambaye alichuma maua ya pareto katika mashamba ya watu. Warigia alikuwa mrefu, mkimya, mwenye maswali. Mazoezi yakiisha alibaki nyuma kukunja wavu ili amuulize mwalimu mambo: kama Mungu husikia mtu akiomba kimoyomoyo, kama baba yake anamwona akicheza. Simeon na Watiri hawakujaliwa mtoto. Mwalimu alimjibu kadiri alivyoweza, na njiani kwenda nyumbani alijikuta akiyafikiria majibu yake mwenyewe.

Mwaka wa 1977 timu ya Endarasha ilifika fainali ya wilaya, mjini Nyeri. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alikuwa ameahidi kwamba kapteni wa timu itakayoshinda atapata nafasi kidato cha kwanza, karo yote juu ya shule. Kapteni wa Endarasha alikuwa Warigia. Wakonyo aliposikia, aliazima viatu akaja kutazama.

Walicheza na wasichana wa Othaya. Seti ya tatu ilifika kumi na nne kwa kumi na tatu, Endarasha wakiwa mbele na mpira ni wao kuanzisha. Pointi moja tu ilibaki. Mpira ukaenda, ukarudi, msichana wa Othaya akaupiga kwa nguvu zake zote, ukapita juu ya mikono ya Warigia ukaangukia nje. Refa, askari polisi aliyeitwa Ogutu, akapiga firimbi: mchezo umeisha, Endarasha wameshinda. Wasichana wakaruka, Wakonyo akapiga vigelegele. Simeon akajikuta amepiga magoti kwenye vumbi, akicheka.

Warigia hakuruka. Alikuwa ameinua mkono.

"Refa, hiyo mpira iliniguza," alisema. "Hapa kwa kidole."

Ogutu akamtazama kwa huruma. "Mtoto, mimi sikuona kitu. Firimbi imelia tayari. Uko na uhakika?"

Ndipo Warigia alipogeuka kumtafuta mwalimu wake. Hakuwa na wasiwasi. Alimtazama kama alivyomtazama kila siku, akingoja aitikie.

Simeon akatikisa kichwa: hapana. Kidogo sana, hakuna mwingine aliyeona. Lakini alitikisa.

Uso wa msichana ukabadilika. Akamgeukia refa. "Niko na uhakika," alisema.

Mpira wakapewa Othaya. Wakapata pointi tatu mfululizo, na mambo yakaisha.

Jumapili iliyofuata mhubiri alimwita Simeon mbele ya kanisa. Akasema huyu ndiye mwalimu anayelea watoto katika kweli, hata kweli ikiwagharimu. Watu wakapiga makofi. Simeon alisimama, mikono imeshikana, akitazama sakafu. Angeweza kusema hapo hapo. Alipoinua macho, nafasi ya Warigia kwenye benchi la tatu ilikuwa wazi, na mlango wa kando ulikuwa unajifunga.

Warigia hakurudi mazoezini, wala kanisani. Alifaulu mtihani, lakini karo haikupatikana, na mwaka mpya ulipoanza mama yake alimpeleka kwa shangazi yake huko Othaya akachume majani chai.

Ilimchukua Simeon miaka miwili kumfuata. Alimkuta katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, vidole vikienda mbio bila kutazamwa.

"Warigia, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilikosea."

"Ndio, mwalimu. Niliona." Hakuacha kuchuma.

"Wewe ulifanya vizuri."

"Ati vizuri." Akatupa majani kikapuni. "Uliwaambia watu wa kanisa?"

"Bado."

"Sawa. Wacha nimalize huu mstari kabla ya mvua, mwalimu."

Simeon alingoja kidogo pembeni, akiwa amevua kofia. Warigia hakumwangalia tena.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa walikutana. Simeon akasimama, akawaeleza yote, kuanzia firimbi hadi kichwa chake kilivyotikisika. Alitarajia wamvue uzee wa kanisa. Kwa kweli alikuwa ameanza kulitamani hilo.

Mzee Hezekiah, mwenyekiti, akavuta kiti chake karibu na meza. "Mwalimu, hiyo hadithi ya Warigia tunafundisha watoto wa Sunday school kila mwaka. Imesaidia wengi. Sasa ukienda kusema ati wewe ulikataa, watabaki na nini?"

"Watabaki na ukweli."

"Wacha ikae," Hezekiah akasema kwa upole, na wengine wakaitikia. "Wewe ni mtu mzuri. Umechoka tu."

Simeon akabaki amesimama. Hezekiah akafunua ukurasa wa pili wa daftari na kuuliza nani ataleta mabati ya jikoni, kwa kuwa mvua za Aprili zilikuwa karibu. Simeon akaketi.