Mkono wa Mtunza Bustani

Mtunza bustani aliona miti saba mizima ikikatwa kwa makosa, akanyamaza. Yeye ndiye aliyeipaka chokaa kuzuia mchwa, na wakataji waliotumwa na ofisi kuondoa miti mibovu wakadhani chokaa ndiyo alama yao. Tangu hapo fundi cherehani, aliyeshona chini ya kivuli kile miaka kumi na miwili, anashonea juani. Kila adhuhuri humtazama yule bwana kwa hasira, lakini udadisi nao haumwachi. Mtunza bustani huchuchumaa, akagusa lami kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Kisha huvuka hadi kwenye nyasi, chini ya miti iliyobaki, akauweka mkono uleule na kuuacha hapo muda mrefu. Mwisho hunusa vidole. Anatafuta harufu gani, fundi hajajua.

Jana mtunza bustani alimsogelea fundi. “Dada, kule kumepoa kama ndani ya mtungi. Hapa kwako hata pasi haihitaji makaa.”

“Kawaambie ofisini, kaka. Mimi jasho limeshaniambia.”

“Watanifukuza kazi.”

“Na mimi nimefukuzwa na nani?”

Mtunza bustani alivua kofia yake, akalifunika gurudumu la cherehani, ambalo kwa moto lilikuwa halishikiki, akaondoka kichwa wazi.

Ofisi haitaki kupanda miti mingine, ikiamini udongo ule una ugonjwa. Anayejua kwamba miti ilikuwa mizima ni mtunza bustani, na fundi bado anamdai akaseme hivyo ofisini.