Ushuhuda wa Mume Wangu na Punguzo la Pango

Mume wangu alikuwa msafishaji wa ofisi za mjini. Ofisi zilipofungwa kwa ajili ya korona, kazi yake ikafungwa nazo. Mimi nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba mbili za kutunzia wazee. Tukaambiwa tusibebe ugonjwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kila mhudumu achague moja. Nikachagua iliyo karibu, na saa zangu zikapungua nusu. Msaada wa serikali ulikuja, siudharau, lakini uliishia kwenye chakula, umeme na mkopo wa gari ambalo hatukuruhusiwa kulipeleka popote. Fairfield yote, eneo letu huku ughaibuni, ilikuwa imezuiwa, polisi barabarani, helikopta juu ya paa, na pango letu likaanza kurundikana.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wetu, Mkongo kama sisi, mzee wa kanisa letu. Alikuwa ameendesha forklift ghalani miaka mingi mpaka akanunua nyumba ya pili, ndiyo hiyo tuliyopanga. Naye alikuwa na benki yake inayomsumbua. Alitueleza bila kuzunguka kwamba tusipolipa hadi mwisho wa mwezi itabidi amwingize shemeji yake, ambaye kazi yake haikusimama. Sisi tungerudi Minto kwa kaka wa mume wangu, ambako tuliwahi kulala familia nzima chumba kimoja, na mke wa kaka huyo akichungulia hata majani ya chai tunayotia kwenye sufuria. Nilikuwa nimeapa kwamba Minto sirudi.

Dada mmoja wa Kenya niliyefanya naye kazi ndiye aliyenifumbua macho. Mpangaji hapa hapati nafuu ya kodi ya serikali kwa sababu ya pango analolipa. Nafuu inapitia kwa mwenye nyumba. Yeye akimpunguzia pango mpangaji aliyeumizwa na korona, serikali nayo inampunguzia kodi ya ardhi. Alichotakiwa mzee wetu ni kupeleka ushahidi wa hali yetu na kutia sahihi kwamba kipato chetu kimeshuka kweli. Nikakusanya taarifa za benki na barua ya kampuni ya usafi, nikamtumia, kisha nikampigia simu nikidhani mambo yamenyooka.

"Mama, miye sikatai," akasema. "Lakini bwana yako alishuhudia Sunday, mbele ya kanisa yote, kama hamujakosa kitu. Sasa nita-sign kwa government kama income yenu imeanguka? Si itakuwa uongo?"

"Papa, si nimekutumia bank statement?"

"Ile ni karatasi ya watu, mama. Ushuhuda ni ya Mungu."

Nilikata simu kabla sijasema la kunitoa kanisani.

Ni kweli alishuhudia. Ibada zilikuwa kwa video kwenye simu siku hizo, na Jumapili ile mume wangu alisimama sebuleni, koti la suti juu, bukta chini, akasema tangu kazi isimame hatujapungukiwa hata chumvi. Chumvi ilikuwa imekwisha. Lakini yeyote aliyekulia kambi ya wakimbizi kama sisi anajua alichokuwa akifanya. Kule Tanzania, mgao ulipochelewa, hakuna aliyesimama kanisani kulia njaa, maana wote tulikuwa nayo. Ulisimama ukashukuru kwa unga ambao haujafika, ili ufike. Mzee wetu hakupitia kambini. Yeye alisikia maneno kama yalivyosemwa.

Nikamwambia mume wangu ampigie mzee, amweleze kwamba ule ulikuwa ushuhuda wa imani.

"Nikisema hivyo," alinijibu, "nitakuwa nimemnyang'anya Mungu shukrani niliyokwisha kumpa."

"Basi Mungu atulipie pango!"

"Atalipa."

"Lini?"

Akachukua ufagio akaanza kufagia jikoni palipokuwa safi tayari. Nilimpenda na nilitamani kumpiga na ufagio huo huo.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa, mume wangu ameketi kando yangu na koti lake. Nikasema mimi ninao.

"Ndugu zangu, nyumba hii haina kitu. Tunadaiwa pango. Jioni watoto wanakula, sisi tunasema tumeshiba. Juzi nimelia bafuni, nikafungulia maji wasinisikie. Aliyosema mume wangu aliyasema kwa imani. Mimi nawaambia yaliyomo jikoni."

Mume wangu hakunizuia. Aliinuka taratibu akatoka kwenye picha, na kiti chake kikabaki wazi mbele ya kanisa zima. Mchungaji alikohoa, akaanzisha wimbo.

Jioni tulikuta mlangoni gunia la mchele na mafuta, aliyeleta ameshaondoka. Wanawake watatu walinipigia kwa sauti ya chini, kila mmoja akisema na kwake ni hivyo hivyo. Na kesho yake mzee akatuma ujumbe: "Nime-sign, mama. Mungu atusaidie sote." Pango likapunguzwa karibu nusu mpaka kazi iliporudi. Minto hatukwenda.

Wakiniuliza kama nilikosea, nasema hapana, na ningesema tena. Nilikuwa na watoto wa kulaza.

Kanisa lilipofunguliwa tulikaa safu yetu ya zamani. Ukafika wakati wa shuhuda, na shemasi akamletea mume wangu maikrofoni moja kwa moja, kama ilivyokuwa desturi kabla ya korona, maana hakuna aliyejua kushukuru kama yeye. Aliipokea. Aliitazama kidogo, kisha akaiweka mkononi mwangu.

"Shuhudia wewe," alisema. "Wewe watakuamini."

Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniumiza. Watu wote waligeuka kunitazama. Pango lilikuwa limelipwa, watoto walikuwa wameshiba, yeye alikuwa amerudi kazini, na nilisimama pale na maikrofoni, sina hata neno moja la kumshukuru Mungu.