Evarista wa Msimbazi, Aliyeutaja Ugonjwa kwa Jina Lake

Alizaliwa Masasi mwaka 1966, binti wa katekista, akabatizwa Evarista. Mwaka 1988 alihamia Kariakoo na mumewe, akaweka cherehani barazani Mtaa wa Msimbazi, akawa anashona sare za kwaya. Alishona huku akisali, na waliokaa naye wanasema kelele za sokoni zikifika pale zililegea, kama sauti inayosikika kutoka chini ya maji. Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Sisi wa jumuiya yake tunamwita hivyo.

Mwaka 2009 aliugua saratani ya titi la kushoto. Akapigwa mionzi, akapona, tukaimba. Tangu hapo ugonjwa haukutajwa tena. Sisi wanawake tuliuita “ule”, tukiamini kuutaja ni kuukaribisha, na tukadhani hiyo ndiyo imani. Kwa hiyo mwaka 2021, alipoanza kuhema na kuchomwa kifuani akipanda ngazi, daktari alipomuuliza aliwahi kuugua nini, alijibu, “Malaria tu.” Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Ndipo akaota. Alijiona amelala tena chini ya ile mashine ya mionzi, na mwanga ukishuka taratibu, mweupe, ukipenya kifua chake kama jua linavyopenya kitambaa chepesi. Mkono ukagusa upande wa moyo, na sauti ikasema: “Hapa pia ni pangu. Mbona unapaficha?”

Asubuhi alirudi hospitali akasema yote. Vipimo vikaonyesha kuwa mionzi ile ile iliyomwokoa ilikuwa imejeruhi mishipa ya moyo, na kwa miaka mingi mafuta na chokaa vilikuwa vimeganda humo. Mshipa mmoja ulizibuliwa. Mwingine ulikuwa umeharibika mno.

Hakulalamika. Alikwenda mtaa wa Gerezani, kwa Theopista, muuza vipuri, aliyepigwa mionzi mwaka mmoja naye, na ambaye sasa alikuwa akipumzika kila hatua chache.

“Dada Eva, usiniletee mikosi dukani,” Theopista alisema. “Ukiutaja unarudi.”

“Saratani. Saratani. Haya, umerudi? Funga duka twende.”

“We mwanamke una kichwa kigumu!”

“Moyo ndio mbovu. Kichwa kizima. Mungu hapungukiwi kitu ukimwambia daktari ukweli.”

Theopista alifunga duka, huku akisonya. Mishipa yake ilikutwa imeanza kuziba, lakini mapema, na dawa zikatosha.

Evarista alifariki Agosti 2024, amekaa kwenye cherehani, uso umetulia kama wa anayesikiliza wimbo wa mbali. Wapo wanaosema mtaa mzima ulinyamaza kwa kitambo, hata pikipiki. Mimi nilikuwapo, na nilisikia kimya hicho.

Muujiza ninaoweza kuuapia ni Theopista, anayepanda leo ngazi za kanisa bila kusimama. Wengine wa jumuiya, waliowahi kupigwa mionzi kifuani, wamemfuata kupima moyo. Tumwige Evarista hivyo: daktari akiuliza, taja saratani, taja mionzi, kisha vua blauzi upimwe.