Shahidi wa Mwisho wa Zoya Arkadyevna

Nilimjua Zoya Arkadyevna siku nilipokwenda kuchukua nyundo yake. Si nyundo ya seremala. Ni mashine nzito kuliko fahali, yenye kichwa cha chuma kinachobembea kutoka juu na kuvunja kipande chembamba kama kidole. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeshasambaratika, maabara ya mji wetu wa nyuma ya uzio, huku Urali, haikuwa na hata pesa ya balbu, na mkurugenzi Snegov alikuwa anauza chochote ambacho hakijaota mizizi. Mimi biashara yangu chuma chakavu. Tulielewana kwa mifuko ya sukari. Nikabeba na samaki mkavu na bia, ili mwenye chumba asinisumbue.

Nikamvunja samaki juu ya meza. Tak! Yule mama akashika ukuta.

"Usifanye hivyo humu ndani!"

"Samaki tu, Zoya Arkadyevna. Ameshakufa, haumii."

"Kachekee nje, Rinat. Hapa hatuvunji kitu kwa mchezo."

Kazi yake tangu usichana ilikuwa kuvunja mashahidi. Ndivyo wanavyoviita wenyewe vipande vya chuma vya majaribio. Nyambizi ikijengwa, chuma kilekile cha chungu cha kinu chake cha nyuklia hukatwa vipande, vikawekwa humohumo kinuni vipigwe na mnururisho pamoja na chungu. Baada ya miaka huletwa maabara na kuvunjwa. Chuma kizima huchanika kwa shida, uso wake wa kijivu, wenye nyuzi. Kilichochoka hukatika ghafla, uso unameta kama sukari. Huwezi kuvunja chungu ambacho mabaharia wanalala karibu nacho, basi unavunja shahidi.

Kuna nyambizi moja ambayo shahidi wake alikatika vibaya. Mkuu wa maabara wa wakati ule akamwambia Zoya, "Hicho kilikuwa na kasoro. Vunja kingine." Kingine kikachanika vizuri, kikaandikwa hicho, nyambizi ikarudi baharini. Siku tunazungumza ilikuwa bado huko. Tangu hapo sauti ile ya kukatika ilimfuata: kwenye barafu ya mto, kwenye tawi, kwenye goti lake mwenyewe akipanda ngazi.

"Kimebaki kimoja cha nyambizi ile," akaniambia. "Niachie nyundo mpaka nikivunje."

"Na mimi napata nini?"

"Wewe? Juzi umeuza chuma cha nikeli kwa bei ya chuma cha reli. Mji mzima unakucheka."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. "Utanichambulia rundo langu?"

"Mpaka theluji iyeyuke."

Nikanyoosha mkono nikiwa mlangoni. Akanivuta ndani kwanza, ndipo akaupokea. Kwetu hakuna anayeshikana mkono na mtu juu ya kizingiti, ni mkosi.

Alikivunja mbele yangu, sisi tukiwa nyuma ya kioo kinene, kipande kimeshikwa na mikono ya chuma anayoiendesha kutoka upande wetu. Nyundo ikashuka. Sauti ilipita ukutani, fupi, kavu. Nyundo ikaendelea kupanda upande wa pili kana kwamba haikukuta kitu. Akasogeza nusu moja kwenye taa. Ilimeta yote.

"Ndiyo sauti ile," akasema. Hakulia. Akakaa.

Tukaenda kwa Snegov. Akamsikiliza huku akikoroga chai yenye sukari yangu.

"Zoya, mpenzi, mashine ile si yetu tena. Mauzo yana sahihi ya wiki iliyopita. Umepima kwa chuma chakavu cha Rinat."

"Chuma chakavu hicho kimesema kweli, Snegov!"

"Basi Rinat awapelekee maadmirali."

Zoya akanigeukia. Sikuyapenda macho yale. Kilichonisumbua si yeye, ni ile nyundo ilivyopita bila kukwama. Nikamwambia Snegov, "Futa mauzo. Sikuinunua, kipimo ni cha maabara."

"Na sukari? Watu wameshagawana!"

"Basi nipe mabomba ya shaba ya chumba cha pampu. Na huyu mama asiguswe."

"Mabomba chukua. Mama, siahidi kitu."

"Wewe Snegov ungemuuza hata bibi yako."

"Ungetoa nini?"

Ripoti ikaenda ikiwa na muhuri wa maabara. Nyambizi ikaitwa, ikafungwa gatini, kinu kikazimwa. Mabaharia wakashuka na mabegi yao, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Snegov alimstaafisha Zoya kabla majira ya baridi hayajaisha. Shaba yangu haikufikia thamani ya mashine, lakini nikeli aliyoniokolea Zoya rundoni ilizidi zote mbili, siwezi kulalamika.

Nilidhani sasa atapata usingizi. Nikamuuliza.

"Zamani nilikuwa na nafasi ya kusema huenda sikusikia vizuri," akanijibu. "Sasa sina. Na vile vipande vya nyambizi nyingine, Rinat? Vingapi tulivunja tena mpaka vikachanika vizuri? Havipo. Nitavunja nini?"

Theluji iliyeyuka, mapatano yakaisha, naye akaendelea kuja uani kwangu nikimlipa. Kila chuma kilichovunjika anakigeuza kwanza kwenye mwanga, autazame uso wake, hata cha jembe, hata cha kitanda, kisha ndipo ananiambia kiende rundo gani.