Hawa, Ule Mkate Ulikuwa wa Kweli

Bado kichwa kinakataa. Hawa wetu wa Mwananyamala tumemzika jana. Homa ya siku nne tu, jamani.

Wengi mnaandika mazuri yake. Mie naandika baya langu, maana ndilo linalonikaba.

Mie Mnyamwezi wa Urambo, saidia fundi, niliishia darasa la tano. Nimepanga kwa mama yake Hawa mwaka wa saba sasa. Wao Wazaramo, kwa hiyo Hawa alikuwa mtani wangu.

Asubuhi nikitoka kwenda saiti Kinyerezi ananipigia kelele, "Mtani, zege likikushinda rudi kwenu ukalime tumbaku!" Namjibu, "Bora tumbaku, nyie mnajua kucheza ngoma tu!" Siku imeanza.

Alikuwa anasomea miamba chuo kikuu. Mwaka jana, kiangazi cha Wazungu, akachaguliwa kwenda kusoma wiki sita Aisilandi, kaskazini kabisa.

Huko alikuwaga ananitumia video mie kwanza. "Mtani, wewe unachimba misingi, ardhi unaijua. Cheki hii." Maji yanachemka yenyewe chini, halafu yanaruka juu kuliko ghorofa. Jua linakaa angani mpaka watu wanaenda kulala.

Ya mkate ndiyo niliipenda. Bibi mmoja anafukia sufuria yenye unga uliokandwa kwenye mchanga wa moto, kesho yake anafukua, mkate umeiva. Hawa akanirekodia na sauti, akanieleza polepole lile joto linatoka wapi. Niliirudia mara tano wakati wa kula saiti. Toka niache shule, ndiyo mara ya kwanza nilijiona nina akili.

Aliporudi mama yake akapika pilau. Majirani wakajaa uani, shuka likatundikwa ukutani, Hawa akaonyesha picha. Fundi ninayembebea zege alikuwepo, mdomo wazi, anamuita "mwalimu". Mie miaka yote ananiita "we zege".

Roho ikaniuma. Wivu, sina jina lingine.

Ilipofika ya mkate nikapiga kelele, "Mtani, acha fiksi! Mkate uive mchangani? Hapo ni ufukweni Kimbiji, umevaa koti tu!"

Uani wote ukaangua kicheko.

Hawa akasema, "Mtani, si nilikutumia? Waambie basi."

"Mie? Sijaona kitu! Wazaramo nyie kwa kutia chumvi!"

Akatabasamu kidogo, akazima laptop. Picha zilikuwa bado nyingi.

Kuanzia hapo mtaa ukambatiza Mkate wa Mchanga. Watoto dukani, wakubwa barazani. Alikuwa amepanga kwenda kuwaonyesha wanafunzi wa shule ya jirani. Hakwenda. "Nitawaambia nini, mtani? Wataanza na mkate."

Hata hapo sikusema samahani. Nilijificha nyuma ya utani: mtani hakasiriki, mtani haombi radhi.

Jana msibani mama yake akaniita kutoka mkekani, "Mtani wa mwanangu, mbona kimya? Kwetu mtu haagwi bila watani. Mtanie mwenzio." Watu wakageuka, wanasubiri nichekeshe.

Mgeni mmoja akauliza taratibu, "Marehemu ndiye yupi?" Kijana wa mtaani akamjibu, "Yule Mkate wa Mchanga."

Nikainuka nikajifanya naenda kuteka maji.

Mama, shikamoo. Najua kuna atakayekusomea hii. Nilikukimbia kwa aibu.

Mkate ule ulikuwepo. Video nimeiweka hapo chini pamoja na sauti yake. Msikilizeni mpaka mwisho, hakuna alipodanganya. Muongo nilikuwa mie, mbele yenu wote, huku simu yenye ushahidi iko mfukoni mwangu. Na lile jina, naombeni, msilitaje tena. Anaitwa Mwanahawa.

Nisamehe, Hawa. Nilikuamini tangu siku ya kwanza.

Ulale kwa amani.