Samaki wa Kwanza Kupanda Bwawa

Jina la Bi Mizani alipewa na wavuvi, maana miaka tisa kazi yake ilikuwa kupima samaki chini ya bwawa. Kila samaki alimkata kipande cha pezi kama ukucha, akakitia kwenye kichupa cha spiriti, akamchoma lebo ya njano mgongoni na kumrudisha mtoni. Mradi ulitaka kujua kama samaki bado wanapanda kwenda kutaga juu, au bwawa limeupasua ukoo wao mapande mawili. Miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wa njano aliyeonekana juu.

Mwaka wa kumi akaajiriwa wifi yake, dada wa mumewe, akapewa lebo nyekundu. Mwandiko mzuri, kicheko chepesi, na mkuu wa maabara hakuacha kusema, "Muulizeni huyu." Nyumbani nako mama mkwe: "Mwanangu ana mkono!" Kwani yeye Bi Mizani alikuwa na kwato?

Siku moja, akiwa na wavu upande wa juu wa bwawa peke yake, akavua samaki mwenye lebo nyekundu. Wa kwanza kupanda ngazi ya samaki, vile vidato vya maji ubavuni mwa bwawa, tangu ijengwe, na si wake! Roho ikamuuma. Akaichomoa lebo, akaitupa majini. Ila mkono una mazoea yake: pezi alikwishalikata, namba ya kichupa kaiandika.

Miezi mitatu baadaye mkuu wa maabara akaja mbio na karatasi ya majibu ya lile pezi. "Vinasaba ni vilevile vya samaki wa lebo nyekundu wa kule chini! Kapanda! Lebo tu ndiyo imedondoka."

"Basi niliichoma vibaya," wifi akasema, uso umemshuka. Jioni akamfuata Bi Mizani kwenye beseni la samaki. "Wifi, nifundishe. Zako hazitoki."

Bi Mizani akamshika mkono, akamwonyesha pa kuingizia sindano, kisha akauachia. "Haikudondoka. Niliichomoa mimi. Wivu tu, wifi."

Wifi akaweka sindano chini, akaondoka bila kuaga. Siku nne walisalimiana kwa kichwa. Ya tano akaja na daftari.

"Nimeandika samaki ni wa sote wawili. Pezi ulikata wewe. La lebo utamwambia mkuu mwenyewe. Na usinizoee."

Bi Mizani akaenda, akasema, akarudi na barua ya onyo. Aliikunja akitamani kulia. Hata kwenye kusamehe, wifi kampita.