Maana ya Tatu

Kazini walimwita Bi Nukta, kwa kuwa aliwahi kurudisha kurasa arobaini kwa wachapaji kwa ajili ya nukta moja iliyosahauliwa. Alikuwa msahihishaji wa kamusi. Miaka ishirini na sita alikalia kiti cha mbao kisicho na egemeo, ameinamia karatasi, kalamu nyekundu mkononi. Mhariri Mkuu wa sasa alipokelewa naye, enzi hizo kijana mgeni asiyejua hata alama za kusahihishia. Bi Nukta akamfundisha zote.

Mgongo ulianza kumuuma walipofika herufi N. Akaomba kiti chenye egemeo. "Tutaona," akajibiwa. Kwenye S akaomba tena, safari hii kwa barua. Walipofika U, hakuweza kuinuka bila kushika meza kwa mikono miwili.

Hapo ndipo yeye na Mhariri Mkuu walipogombana. Chini ya neno "uti wa mgongo" alikuwa amepitisha maana mbili. Ya kwanza, mifupa iliyoungana kutoka shingoni hadi kiunoni, ambayo wengine huiita uti wa maungo. Ya pili, mtu au kitu kinachotegemewa na wengi; visawe: mhimili, nguzo, tegemeo. Mhariri Mkuu akaongeza ya tatu kwa penseli: ujasiri, msimamo.

"Hii umeiokota wapi?" akauliza Bi Nukta.

"Watu wanasema siku hizi. Fulani hana uti wa mgongo. Yaani mwoga."

"Hao wanatafsiri Kiingereza, hawasemi. Jasiri wetu ana moyo, ana kifua. Mgongo ni wa kubebea mizigo."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mhariri Mkuu naye akacheka, ila kwa meno tu.

"Basi tukuweke wewe kwenye maana ya pili, Bi Nukta. Wewe ndiye uti wa mgongo wa idara hii."

"Niweke kwenye kiti kwanza."

Kicheko kikakatika. Kiti hakikuja.

Wiki tatu baadaye aliinama kuchukua sanduku la kadi za herufi V, akasikia kitu kimekatika kiunoni, na miguu ikafa ganzi palepale. Wenzake wakambeba na kumlaza juu ya meza ya mikutano. Hospitalini daktari alimwonyesha picha: pingili mbili zimelaliana, mshipa wa fahamu umebanwa katikati.

"Ungekuja mapema, mama, tusingefika huku," akasema.

Akapasuliwa. Akarudi nyumbani kwa mdogo wake, mshonaji, akitembelea fremu ya chuma. Hajamaliza likizo ya ugonjwa, barua ikaja: ajira yake imekoma kwa sababu za kiafya. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Aliyasahihisha kwa wino mwekundu kabla ya kulia, na baadaye akajionea haya.

Siku ya uzinduzi wa kamusi alikwenda, japo mdogo wake alimkataza. Wakakaa safu ya nyuma. Mhariri Mkuu akashika kipaza sauti: "Kamusi hii ina uti wake wa mgongo. Bila huo tusingefika hapa leo!" Bi Nukta akajikuta amenyoosha shingo. "Nao ni wafadhili wetu!" Makofi yakapigwa.

"Dada, twende zetu," mdogo wake akamnong'oneza.

"Ngoja nione majina."

Kwenye ukurasa wa shukrani wa nakala aliyogawiwa mlangoni palikuwa na watu kumi na wanne. Yeye hakuwamo. Akafungua herufi U. Maana ya tatu ilikuwepo, na kwenye ile ya pili mhimili ulikuwa umechapwa "muhimili". Akaifunga kamusi taratibu, akaiacha juu ya kiti.

Ulikaribia kupita mwaka mzima, ndipo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mhariri Mkuu: "Shikamoo Bi Nukta. Toleo la pili linatusumbua kidogo. Hivi kiwewe na bumbuwazi ni visawe?"

"Usimjibu!" mdogo wake akafoka kutoka kwenye cherehani. "Hata salamu usimrudishie!"

Bi Nukta akaitupa simu kwenye kochi na kumporomoshea yule mtu maneno ambayo hakuna kamusi ingeyachapa. Haikupita saa moja akaifuata kwa fremu yake, hatua kwa hatua. Si visawe, akaandika. Kiwewe humrusha mtu huku na huku. Bumbuwazi humkalisha kimya. Akaongeza mifano miwili, akakagua nukta, akatuma. Jioni akasukuma kando sahani yake ya chakula na kugeukia ukutani, na mdogo wake alipomwita mara ya pili, hakuitika.